Mama wa Kumi: Kwa Nini Wastani Peke Yake Hautoshi Katika Ripoti za Afya

Tosamaganga iko juu ya vilima, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa, karibu na Kalenga ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Hospitali yake, ambayo ni mali ya Jimbo Katoliki la Iringa, ndiyo hospitali teule ya Halmashauri ya Wilaya ya Iringa. Zahanati na vituo vya afya vya wilaya hiyo, kuanzia nyanda zenye baridi za Kiponzelo hadi tambarare za joto za Pawaga na Idodi, huielekea hospitali hiyo pale mgonjwa anapohitaji upasuaji, damu au uangalizi wa daktari. Mjamzito anayetoka Kalenga anaweza kufika kabla chai aliyoiacha mezani haijapoa. Mwenzake wa tambarare za mbali, mvua zinapokuwa zimekata barabara na gari halipatikani, anaweza kukeshea njiani.

Wanawake hawa wawili hawana safari moja, wala hatari moja. Hata hivyo, mwisho wa mwezi ripoti inapoandikwa, safari zao huchanganywa na kuwa namba moja inayoitwa wastani. Pengine pembeni yake huandikwa namba ya pili, mchepuko sanifu, ambayo wengi huinakili kwa sababu kompyuta imeitoa, si kwa sababu inawaambia jambo lolote. Hoja ya makala haya ni kwamba katika mambo mengi ya hospitali zetu namba hizo mbili haziwatendei haki wagonjwa. Zipo nyingine, nyepesi kukokotoa na ngumu kuyumbishwa, ambazo zingepaswa kuandikwa kando yake katika kila ripoti.

Mfano wa wajawazito kumi

Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya kufundishia, lakini kila mkunga wa vijijini atautambua. Katika mwezi mmoja wajawazito 10 walipewa rufaa kutoka zahanati mbalimbali kwenda hospitali. Muuguzi aliandika saa zilizopita tangu uamuzi wa rufaa ulipofanywa hadi mama alipopokelewa katika wodi ya wazazi. Orodha yake, ikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ni hii: 2, 2, 3, 3, 3, 4, 4, 5, 5, 29.

Jumla ni saa 60, na wastani ni saa 6. Ripoti ikisema kwamba rufaa huchukua wastani wa saa 6, msomaji atadhani kwamba mama wa kawaida alisafiri kwa takriban saa 6. Sivyo. Kati ya wale 10, hakuna hata mmoja aliyetumia saa 6. Tisa walitumia saa 5 au pungufu, na mmoja alitumia zaidi ya siku nzima. Wastani umesimama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mchepuko sanifu unazidisha tatizo. Kipimo hiki hutafutwa kwa kuchukua umbali wa kila namba kutoka kwenye wastani, kuuzidisha umbali huo kwa wenyewe, kujumlisha yote, kugawa kwa idadi ya namba ukitoa moja, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Hatua ya kuzidisha umbali kwa wenyewe ndiyo yenye madhara. Mama wa saa 29 yuko umbali wa saa 23 kutoka kwenye wastani, na 23 mara 23 ni 529. Jumla ya wote kumi ni 598. Maana yake, sehemu 529 kati ya 598 za mtawanyiko mzima zimetoka kwa mama mmoja. Mchepuko sanifu unakuwa saa 8.2 hivi. Akiondolewa yeye, wale tisa waliobaki wana mchepuko wa takriban saa 1.1 tu. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wameoza wote. Katika hesabu ya mchepuko sanifu msemo huo ni kweli tupu.

Namba hizo zikiandikwa kwa mtindo uliozoeleka, yaani 6 kujumlisha au kutoa 8.2, zinatamka jambo lisilowezekana: kwamba baadhi ya kina mama walipokelewa hospitalini saa mbili kabla ya kupewa rufaa. Mhariri wa jarida anaweza kulipitia hilo bila kushtuka. Mkunga aliyeandika daftari hapaswi kulikubali.

Rula inayonyooshwa na anayepimwa

Wapo watakaosema kwamba dosari hiyo ni ya urembo wa namba tu, na kwamba haimdhuru mtu. Hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Katika ofisi nyingi za takwimu hutumika kanuni ya kutafuta matukio yasiyo ya kawaida kwa kuangalia yale yaliyo zaidi ya michepuko sanifu 3 kutoka kwenye wastani. Tukio likivuka mpaka huo, hufuatiliwa. Lisipovuka, huhesabiwa kuwa la kawaida. Mama wa kumi yuko wapi katika kanuni hiyo? Umbali wake ni saa 23. Ukigawa kwa mchepuko wa saa 8.2 unapata 2.8. Hajavuka mpaka. Kwa kanuni hiyo, safari ya saa 29 ni ya kawaida na haimhitaji mtu yeyote kuuliza.

Jambo hili halikutokea kwa bahati. Inathibitika kihesabu kwamba katika orodha yenye namba 10 au pungufu, hakuna namba yoyote, hata iwe kubwa kiasi gani, inayoweza kufika michepuko sanifu 3 kutoka kwenye wastani. Kwa namba 10 ukomo ni takriban 2.85. Mama huyo angesafiri saa 29, saa 100 au wiki mbili, kanuni ingeendelea kumwita wa kawaida. Kadiri anavyokwenda mbali ndivyo anavyouvuta wastani umfuate na ndivyo anavyoinyoosha rula inayotumika kumpima. Na ni zahanati ngapi za vijijini ambazo kwa mwezi mmoja zina rufaa za uzazi zisizozidi 10? Kwa vituo hivyo kanuni ya michepuko mitatu ni king'ora kisichoweza kulia.

Kinachopotea hapo ni zaidi ya usahihi wa namba. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika mahali pa huduma, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Kipimo kinachoshindwa kuitofautisha safari ya saa 4 na ile ya saa 29 hakiwezi kumsaidia mtu anayetafuta ni wapi kati ya sehemu hizo tatu ambapo mama aliachwa.

Vipimo imara

Wanatakwimu huita imara vipimo ambavyo haviyumbishwi na namba chache zilizojitenga, ziwe zimejitenga kwa sababu ya kosa la kalamu au kwa sababu ya jambo la kweli. Vitatu vinatosha kwa kazi ya kila siku, na vyote huweza kupatikana kwa karatasi na penseli.

Cha kwanza ni namba ya kati. Panga orodha kutoka ndogo hadi kubwa, kisha chukua iliyo katikati. Zikiwa mbili, chukua nusu ya jumla yake. Kwa wajawazito wetu 10 namba za katikati ni 3 na 4, hivyo namba ya kati ni saa 3.5. Hiyo kweli ndiyo safari ya mama wa kawaida wa mwezi ule. Na kama karani angekosea akaandika 290 badala ya 29, wastani ungeruka kutoka 6 hadi 32.1, lakini namba ya kati ingebaki 3.5 ile ile.

Cha pili ni upana wa nusu ya kati. Igawe orodha katika nusu mbili. Namba ya kati ya nusu ya chini ni mpaka wa robo ya kwanza, na namba ya kati ya nusu ya juu ni mpaka wa robo ya tatu. Katika mfano wetu mipaka hiyo ni saa 3 na saa 5, hivyo nusu ya kati ya kina mama ina upana wa saa 2. Zipo kanuni nyingine za kutafuta mipaka ya robo, na kompyuta zinaweza kutofautiana kidogo, lakini picha ni moja.

Cha tatu ni mchepuko wa kati. Tafuta umbali wa kila namba kutoka kwenye namba ya kati, panga umbali huo, kisha chukua ulio katikati. Kwa kina mama wetu umbali ni 0.5 kwa watano, 1.5 kwa wanne, na 25.5 kwa mmoja. Ulio katikati ni saa 1. Ukitaka kuulinganisha na mchepuko sanifu, zidisha kwa 1.4826. Unapata takriban saa 1.5, namba iliyo karibu na ule mtawanyiko wa wale tisa kuliko 8.2.

Wazo hili si geni. Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani alikwisha kuutaja mchepuko wa kati mwaka 1816. Mwaka 1960 John Tukey wa Marekani alionyesha kwamba uchafu mdogo sana katika takwimu, usiofika hata asilimia 1, unatosha kuuondolea mchepuko sanifu sifa yake ya kuwa kipimo bora. Mwaka 1974 Frank Hampel aliurudisha mchepuko wa kati mbele ya wanatakwimu, na akampa Gauss heshima yake. Nguvu ya vipimo hivi inaelezeka kwa urahisi. Ili kuuharibu kabisa mchepuko sanifu inatosha namba moja mbaya. Ili kuuharibu upana wa nusu ya kati inahitajika robo ya orodha, na ili kuuharibu mchepuko wa kati inahitajika karibu nusu yake.

Aliye mbali asitupwe

Wapo watumishi wanaovishuku vipimo imara kwa sababu njema. Ikiwa namba ya kati haijali kama mama wa kumi alitumia saa 29 au saa 6, je, hilo si kumpuuza? Je, hospitali haiwezi kujificha nyuma ya saa 3.5 na kujipongeza?

Inaweza, endapo itaandika namba ya kati na kuishia hapo. Lakini vipimo imara vikitumika kama inavyopasa hufanya kinyume cha kumficha. Kwa kuwa rula hainyooshwi na anayepimwa, aliye mbali huonekana waziwazi. Tukey alipendekeza uzio rahisi: chukua mpaka wa robo ya tatu, ongeza upana wa nusu ya kati mara moja na nusu, na kila kilicho nje ya hapo kitazamwe. Kwa mfano wetu ni 5 kujumlisha 3, yaani saa 8. Mama wa saa 29 yuko nje kabisa. Kwa mchepuko wa kati yuko mbali zaidi ya mara 17 ya mtawanyiko wa kawaida. Kanuni ya zamani ilimpa 2.8 na kumpitisha, ilhali hii inampa 17 na kuuliza kulikoni.

Kutazamwa si kufutwa. Hapa ndipo tabaka fulani la wachambuzi hukosea, wakiona namba iliyojitenga wakaiondoa ili jedwali lao lipendeze. Katika kiwanda cha misumari, msumari uliojitenga hutupwa. Katika wodi ya wazazi, aliyejitenga ndiye sababu ya wodi kuwapo. Kwanza daftari lirudiwe ili kuona kama 29 iliandikwa kimakosa. Ikiwa si kosa, mtu aulize. Je, mto ulifurika? Je, ilingojewa ruhusa ya mume aliyekuwa shambani? Je, gari liliitwa saa ngapi, na likafika saa ngapi? Tanzania sasa ina mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito na watoto wachanga, unaopigiwa namba 115 bila malipo. Swali la iwapo simu ilipigwa, na lini, lina majibu yanayoweza kutafutwa.

Wilaya ya Iringa yenyewe imewahi kufundisha somo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, ingawa idadi kubwa ya wanawake wa wilaya hiyo walikuwa wakijifungulia katika vituo vya huduma, waliojifungulia hospitalini walikuwa na hali bora ya maisha kuliko waliojifungulia katika zahanati na vituo vya afya. Namba ya jumla ilikuwa ya kufurahisha, lakini mgawanyo ndani yake haukuwa wa haki. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, kuhusu nyumba ambamo wajawazito husubiria siku zao karibu na hospitali, ulionyesha kwamba nyumba hiyo iliwafikia hasa wanawake wa mbali na wenye kipato kidogo. Dawa ya safari ya saa 29, kwa baadhi ya wanawake, ni kuianza safari wiki mbili mapema. Hakuna atakayeona haja ya dawa hiyo kama macho yake yako kwenye wastani.

Mtoto wa katikati

Si kila tatizo la afya hukaa pembeni mwa orodha. Mengine hukaa katikati, na kipimo imara husaidia kutofautisha.

Mkoa wa Iringa hulima mahindi, viazi na mboga kwa wingi. Hata hivyo, Utafiti wa Hali ya Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba asilimia 57 ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kwa taifa zima kiwango kilikuwa asilimia 30. Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa ikiwa urefu wake kwa umri uko zaidi ya michepuko 2 chini ya namba ya kati ya viwango vya Shirika la Afya Duniani. Viwango hivyo vilitolewa mwaka 2006 baada ya kupimwa watoto waliolelewa katika mazingira mazuri huko Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Namba ya kati, kwa hiyo, si mgeni katika kliniki zetu. Imekuwa ikitumika kupima urefu wa watoto wetu kwa miaka mingi.

Asilimia 57 ni zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba watoto wa Iringa wakipangwa mstari mmoja kutoka aliye mfupi zaidi kwa umri wake hadi aliye mrefu zaidi, yule anayesimama katikati kabisa naye amedumaa. Hapa hakuna mama wa kumi wa kumtafuta. Kundi zima limesogea. Tatizo la namna hii haliponywi kwa kuwafuatilia wachache waliojitenga. Huponywa kwa yale yanayowagusa wote: chakula cha mjamzito, maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, mlo mchanganyiko baada ya hapo, maji safi, na muda wa mama wa kumlisha mtoto msimu wa shamba unapopamba moto.

Mtawanyiko nao una la kusema hapa. Mtoto akipimwa kwa haraka, magoti yakiwa yamekunjwa au ubao ukiwa umeinama, makosa huwasogeza baadhi juu na baadhi chini, na mtawanyiko wa alama hupanuka bila mtoto yeyote kubadilika. Mahali ambapo mtoto wa katikati yuko juu ya mstari wa udumavu, upanuzi huo huongeza kiwango kinachoripotiwa. Mahali ambapo yuko chini ya mstari, kama Iringa, upanuzi huo huo huelekea kukipunguza. Uzembe wa kupima, kwa hiyo, unaweza kuufanya mkoa ulioumia uonekane na nafuu. Ndiyo sababu miongozo ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2019 inataka mtawanyiko uchunguzwe kama alama mojawapo ya ubora wa vipimo kabla kiwango hakijatangazwa.

Pale wastani ulipo na haki yake

Haitakuwa haki kuutupa wastani. Mfamasia anayeagiza dawa, na mhasibu anayekadiria mafuta ya gari la wagonjwa, wanahitaji jumla, na jumla hupatikana kwa kuzidisha wastani kwa idadi. Saa 3.5 mara 10 ni 35, ilhali magari yalikuwa barabarani kwa saa 60. Anayepanga bajeti kwa namba ya kati ataishiwa mafuta kabla mwezi haujaisha.

Mchepuko sanifu nao una nyumba yake. Maabara inayopima sampuli ile ile ya udhibiti kila asubuhi hupata namba zinazojipanga kwa ulinganifu kuuzunguka wastani, na hapo mchepuko sanifu hufanya kazi vizuri. Katika takwimu safi za namna hiyo mchepuko wa kati hupoteza taarifa nyingi: ufanisi wake ni takriban asilimia 37 tu ukilinganishwa na mchepuko sanifu. Ni kwa sababu hiyo Peter Rousseeuw na Christophe Croux walipendekeza mwaka 1993 vipimo vingine imara vyenye ufanisi mkubwa zaidi, ingawa vinahitaji kompyuta. Lakini muda wa rufaa, siku za kulazwa, gharama anazolipa mgonjwa na muda wa kungoja kumwona daktari si namba za namna hiyo. Haziwezi kushuka chini ya sifuri, na mkia wake wa juu ni mrefu. Huko ndiko vipimo imara vinakostahili kutangulia.

Kipo pia kikomo ambacho hakuna kipimo kinachokivuka. Asiyekuwapo na lake halipo. Mama aliyejifungulia njiani, au aliyefariki kabla ya kufika, hayumo katika daftari la hospitali, wala namba ya kati haitamrudisha. Kwa hiyo orodha ya waliopewa rufaa na zahanati ilinganishwe na orodha ya waliopokelewa. Tofauti kati ya orodha hizo mbili inaweza kuwa namba muhimu kuliko zote.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Mfumo wa MTUHA huwataka watumishi wajumlishe idadi na kuzipeleka juu. Ngazi ya wilaya au mkoa, ikipokea jumla na idadi, inaweza kukokotoa wastani, lakini haiwezi kupata namba ya kati, kwa sababu namba ya kati huhitaji orodha yenyewe. Orodha iko kwenye daftari, mezani kwa muuguzi. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kungoja makao makuu. Ifanyike pale daftari lilipo.

Inatosha kituo kiandike namba tano kwa kila jambo linalopimwa kwa muda: ndogo kuliko zote, mpaka wa robo ya kwanza, namba ya kati, mpaka wa robo ya tatu, na kubwa kuliko zote. Kwa wajawazito wetu ni 2, 3, 3.5, 5, 29. Namba hizi tano huchukua mstari mmoja, na yeyote anayezisoma huona mara moja kwamba mambo yalikwenda vizuri kwa wengi na vibaya mno kwa mmoja. Kisha kila kilicho nje ya uzio kijadiliwe katika kikao cha mwezi, bila kutafuta wa kulaumiwa, na sababu yake iandikwe. Wastani ubaki katika safu yake kwa ajili ya bajeti.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Mtu anayepima shinikizo la damu nyumbani kwa siku saba anaweza kupata namba za juu zifuatazo: 128, 131, 126, 184, 130, 129, 133. Siku ya nne alipima mara tu baada ya kupanda kilima na ndoo ya maji. Wastani wake ni 137, juu ya mpaka wa 135 unaotumika kwa vipimo vya nyumbani. Namba ya kati ni 130, chini ya mpaka huo. Asiifute ile 184, wala asiongeze au kupunguza dawa kwa sababu yake. Aandike orodha nzima, aeleze kando yake alikuwa akifanya nini, na aipeleke kwa daktari wake. Ila namba kubwa ya namna hiyo ikija pamoja na maumivu makali ya kichwa, maumivu ya kifua, macho kufifia au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hapo hakuna hesabu ya kufanya. Aende hospitali mara moja.

Na anayeambiwa kwamba huduma fulani huchukua wastani wa saa kadhaa ana haki ya kuuliza maswali mawili zaidi: nusu ya watu husubiri kwa muda gani, na aliyesubiri kuliko wote alisubiri kwa muda gani? Mtumishi mwenye namba tano mezani ataweza kumjibu yote mawili. Asiyekuwa nazo anaweza kuanza mwezi huu, kwa daftari alilo nalo na penseli.